Sadaka ya Mwenye Kuomba Kura

 Katika darsa yetu ya hapa Idsowe yaliletwa masuala mawili usiku mmoja, na walioyaleta ni watu wawili ambao kila mmoja alidhani suala lake halihusiani na la mwenziwe. Wa kwanza ni kijana aliyesoma skuli za serikali. Aliuliza kama ni kweli kwamba mwenye dini huwa na furaha zaidi na mkono mkunjufu zaidi kuliko asiye na dini. Na kama ni kweli, je, hiyo si dalili ya kutosha kwamba dini ni haki? Wa pili ni mfugaji, mtu mzima, wala hakuzunguka maneno. Aliuliza kama yajuzu msikiti kupokea saruji na mabati kutoka kwa mtu ambaye kesho atakuja kuomba kura.

Nimeona niyajibu yote mawili katika waraka mmoja, kwani katika nadhari yangu hilo la pili ndilo lenye kulifungua lile la kwanza.

Msomaji wa mbali asiyejua kwetu na aelewe kwamba Idsowe ni kijiji cha mto Tana, karibu na Garsen, juu ya njia kuu itokayo Malindi. Mto ukifurika kwa kiasi hutuachia udongo mweusi na mpunga ukastawi. Ukifurika kupita kiasi huchukua nyumba na mashamba pamoja. Mwezi wa Novemba 2023 maji yalipanda hata yakaikata njia kuu, na kabla ya watu kutengenea yakaja mengine katika masika ya 2024. Wakati huo walikuja wenye kusaidia wa kila namna: serikali, Msalaba Mwekundu, Waislamu kwa sadaka zao, na makanisa kwa zao. Wakaja na waheshimiwa pia. Na katika nchi yetu hii sote twajua mheshimiwa ajapo na mchele huja na nini pamoja nao: huja na mpiga picha.

Nianze na la kijana. Watu wenye elimu ya kupima tabia za wanadamu wamelichungua suala hilo si mara moja. Huko Marekani mtu aitwaye Arthur Brooks alitoa kitabu mwaka 2006 akadai kwamba wenye kuhudhuria ibada hutoa zaidi kuliko wasiohudhuria, wala si kwa nyumba za ibada tu, bali hata kwa mambo yasiyohusu dini, kama vile kutoa damu. Akadai pia kwamba wafuasi wa siasa ya kihafidhina hutoa zaidi kuliko wapinzani wao. Wengine walipolipima tena hilo la siasa, waliona tofauti yayeyuka pindi utiapo katika hesabu utajiri wa mtu na ibada yake. Kilichobaki ni kwamba kila kundi lina mahali pake pa kupeleka mali. Na mwaka 2013 wataalamu wengine walieleza majaribio yao katika Kanada na Uganda, yaani nchi tajiri na nchi maskini. Watu walitakwa wakumbuke siku waliyotumia fedha kwa ajili ya mtu mwingine, na wengine wakatakwa wakumbuke siku waliyotumia kwa nafsi zao. Kote kuwili, waliokumbuka kumpa mtu walikuwa na furaha zaidi.

Haya si mageni kwetu. Anayejua ladha ya kumvusha mgonjwa wa jirani kwa mtumbwi wake bila ya kutaka nauli hahitaji kusomewa kitabu. Lakini kijana wetu ataka kupanda juu ya hapo. Ataka kusema kwamba furaha ya muumini ni shahidi wa ukweli wa imani yake. Hapo ndipo namtaka asimame, kwani ameshika panga lisilo na mpini.

Zimekuwa zikitolewa orodha mbili za dunia. Moja ilikuwa ikipima ni nchi gani watu wake husaidia wageni, hutoa fedha na hujitolea kwa kazi. Katika orodha hiyo ya mwaka 2024 Indonesia ilikuwa ya kwanza, nayo ni nchi yenye Waislamu wengi kabisa duniani, na Kenya yetu ilikuwa ya pili. Orodha ya pili huwauliza watu wayapime maisha yao kama mtu apimaye vidato vya ngazi, toka sufuri hata kumi. Katika hiyo, mwaka huo huo wa 2024, Finland ilikuwa ya kwanza, nayo ni nchi ambayo watu wake wachache tu huenda kanisani. Na Kenya ilikuwa chini, baada ya nafasi ya 100. Basi ikiwa furaha ndiyo dalili ya haki, kijana atalazimika kuwafuata watu wa Finland katika kuacha ibada. Na kama hataki, na aiache hoja yake.

Lakini orodha hizi mbili zina fundisho jingine, na mimi naliona kubwa kuliko lile alilolitafuta. Yawezekanaje watu wawe wa pili duniani kwa kutoa, na juu ya hayo wawe nyuma ya mia katika kuridhika na maisha yao? Tazama jinsi tutoavyo. Mtoto akipata nafasi ya skuli ya upili, twachanga. Mgonjwa akipasuliwa, twachanga. Maiti akizuiliwa hospitali kwa deni, twachanga tena, na mara nyingine waliochanga ni wale wale ambao juzi walichangiwa. Huu ni ukarimu, na Mwenyezi Mungu haupotezi. Lakini sehemu yake kubwa ni kiraka kinachotiwa juu ya kanzu iliyochanwa na mtu mwingine. Mtu wa Finland akiugua hutibiwa kwa mali ya umma. Hahitaji jirani yake auze mbuzi. Basi usistaajabu kwamba jirani yake hatoi sana, wala usistaajabu kwamba yeye analala usingizi. Kutoa kwingi katika nchi kwaweza kuwa ni alama ya nyoyo njema, na papo hapo kukawa ni alama ya hazina inayovuja. Mambo mawili hayo hayapingani.

Ama furaha yenyewe, dini haikuahidi kwamba muumini atacheka. Nabii Yaakub (A.S.) alimlilia mwanawe Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni, na Qur'ani ndiyo iliyotusimulia hayo, nani atathubutu kusema kwamba imani yake ilikuwa pungufu? Mtume wetu (S.A.W.) alitokwa na machozi alipofiwa na mwanawe mchanga Ibrahim, na mwaka aliofiwa na Bibi Khadija na ami yake Abu Talib umeitwa mwaka wa huzuni. Mwanamke wa kijiji hiki aliyeona nyumba yake ikienda na maji naye akaswali magharibi yake juu ya kichuguu, akilia, si haki mtu amwambie kwamba lau imani yake ingekuwa timamu angefurahi. Maneno hayo husemwa na watu ambao nyumba zao zimesimama.

Imam Ghazali (Mungu amrehemu), aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, yaani 1111, ameandika kwa Kifursi kitabu kizima juu ya kemia ya saada, na makusudio yake ya neno hilo si kicheko. Saada kwake ni moyo kumjua Mola wake na kukaa mahali ulipoumbiwa ukae. Mtu aweza kuwa nayo naye ana njaa, na aweza kuikosa naye yu juu ya jukwaa anapigiwa makofi. Tena katika Ihya yake, katika mlango wa halali na haramu, Imam huyo aliieleza kwa urefu mali ya masultani: ipi ipokewe, ipi isipokewe, na mwanachuoni ajiweke mbali nao kwa kadiri gani. Yeye mwenyewe alikuwa mwalimu mkuu wa Nidhamiya ya Baghdad, cheo kilichotolewa na dola, akakiacha mwaka 1095. Sitaki kusema kwamba kila imamu wa kijiji awe Ghazali. Nataka kuonyesha tu kwamba mtu mmoja aliyafikiri mambo ya furaha na mambo ya zawadi za watawala kwa pamoja, wala hakuona kwamba ni milango miwili mbalimbali.

Na sasa tumwendee mfugaji wetu na mabati yake.

Iko hadithi mashuhuri ya mtu wa kabila la Azd aliyetumwa na Mtume kukusanya zaka. Aliporudi aliigawa mali mafungu mawili, akasema fungu hili ni lenu na hili nimetunukiwa mimi. Mtume akapanda juu ya mimbari, akawauliza watu kwa namna ya kukemea: mtu huyu, lau angekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, je, zawadi hiyo ingemjia? Ulamaa wamelitwaa suala hilo wakalifanya kipimo. Kila zawadi yenye kupita katika cheo, iulize: lau cheo kisingekuwako, ingetolewa? Na kipimo hiki hufanya kazi kwa pande zote mbili. Hupima zawadi apewayo mwenye cheo, na hupima zawadi atoayo mwenye kukitafuta cheo. Yule mheshimiwa mwenye mabati, lau uchaguzi ungalifutwa kesho, lori lake lingalikuja? Ikiwa lingalikuja, basi ni sadaka, na tumwombee dua. Ikiwa lingaligeuka njiani, basi hakuleta sadaka, ameleta bei.

Mwenye kuuliza atasema: nia ni jambo la moyoni, na sisi hatukuamrishwa kupasua nyoyo za watu. Kweli. Ndiyo maana sheria hutazama dalili zilizo dhahiri. Mtu atoaye miaka mitano yote, kimya kimya, hata pale asipopata kura nyingi, dalili zake ni njema. Mtu ambaye hatumwoni hata mwaka wa uchaguzi uingie, kisha akataka apewe kipaza sauti ndani ya msikiti baina ya adhana na hutuba, huyo hakututaabisha kupasua moyo wake. Ameutoa mwenyewe akauweka juu ya meza. Suratul-Insan imewasifu wenye kulisha maskini na yatima na mfungwa ambao hawataki kwa waliowalisha malipo wala hata shukrani. Na Suratul-Baqara imeonya kwamba masimango na udhia huibatilisha sadaka. Sasa mtu asemaye jukwaani, "Msikiti ule niliuezeka mimi, nanyi mwajua la kufanya," amekusanya yote mawili kwa sentensi moja: ametaka malipo na amesimanga.

Desturi hii ina asili yake. Taifa lilipopata uhuru mwaka 1963, Mzee Jomo Kenyatta alilifanya neno harambee kuwa mwito wa nchi, na kwa michango ya watu zikajengwa skuli nyingi na zahanati. Lilikuwa jambo jema. Lakini haikuchukua muda mrefu wakubwa wakatambua kwamba mwenye kutoa fungu nono mbele ya watu hununua jina, na mwenye jina hununua kiti, na mwenye kiti hupata kwa kurudisha alichotoa na ziada yake. Mwaka 2003 ilitungwa sheria ya maadili ya watumishi wa umma yenye kuwawekea mipaka katika michango. Mwaka 2016 sheria ya makosa ya uchaguzi ikarudia kuharimisha kuhonga mpiga kura. Na mwezi wa Julai 2024, baada ya vijana kujaa njiani kupinga kodi, Rais Ruto alitangaza kwamba maafisa wa serikali na watumishi wa umma wasishiriki katika harambee. Kisha mwezi wa Novemba mwaka huo huo Rais mwenyewe alitoa mamilioni katika kanisa la Kikatoliki la Soweto, Nairobi, na Askofu Mkuu Philip Anyolo akatangaza kwamba fedha zile zitarudishwa.

Haki husemwa hata ikiwa mkononi mwa mtu asiye wa dini yetu. Askofu yule ametangulia mahali ambapo maimamu walistahiki kumtangulia, kwani hadithi ya mtu wa Azd imo katika vitabu vyetu. Misikiti mingapi ya mwambao huu imerudisha bahasha?

Wala tusidanganyike kwamba kila kinacholetwa ni mali ya mletaji. Kuna fedha za maendeleo ya majimbo zilizowekwa kwa sheria tangu mwaka 2003. Kuna serikali za kaunti tangu 2013. Na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 204, imeweka mfuko wa kusawazisha, nusu ya sehemu moja katika mia ya mapato ya taifa, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma. Na Tana River ilikuwa miongoni mwa kaunti 14 za mwanzo zilizotajwa kustahiki. Kwa hiyo kisima kikichimbwa Garsen kwa mali hiyo kisha kikaandikwa jina la mtu, hilo halikuwa jina la mtoaji. Ni mfano wa mtu aliyetumwa na mayatima akawaletee nguo zao alizowanunulia kwa mali yao, kisha akawataka wamsujudie kwa shukrani. Yatima akishukuru hapo, atakuwa amefundishwa udhalili.

Najua jibu nitakalopewa, na silipuuzi. Nitaambiwa: sheikh, wewe una nyumba kavu, mtu ambaye watoto wake hawajala tangu jana, utamwambia aurudishe unga wa mheshimiwa? Simwambii. Mwenye dhiki na apokee, ale, alishe watoto wake, wala asione haya. Dhambi ya hongo katika hali ile iko juu ya aliyeifanya njaa kuwa soko. Lakini kupokea si kuahidi, na akiahidi kwa kushurutishwa na njaa, ahadi ile haimfungi. Kura ni ushahidi, na ushahidi ni amana ya Mungu. Haiuzwi, na mwenye kuinunua hakumiliki kitu. Mtu aule unga kisha siku ya kura amchague amwonaye ni mwadilifu, hata akiwa ni yule mwingine asiyeleta kitu. Wako watakaosema huo ni unafiki. Mimi sioni unafiki katika kukataa kumkabidhi mwizi funguo za ghala kwa sababu alikuonjesha wali wako mwenyewe.

Ama msikiti, hali yake si hali ya mtu mwenye njaa. Msikiti haufi kwa kukosa bati. Waliswali maswahaba chini ya makuti ya mtende, na mvua iliponyesha maji yaliwadondokea. Kwa hiyo rai yangu kwa muulizaji ni kwamba wakati wa kampeni msikiti usipokee kitu kwa mgombea wala kwa wakala wake, na wakati usio wa kampeni upokee kwa sharti mbili: jina lisitajwe na kipaza sauti kisitolewe. Mwenye kukubali sharti hizo, karibu. Nadhani malori yatapungua.

Sasa watakuwako watakaofurahi na maneno haya kwa sababu isiyo yangu. Watasema: naam, sheikh amekubali kwamba dini iwe msikitini na siasa iwe nje. Sikusema hivyo, wala siwezi kusema hivyo, kwa kuwa nguzo moja katika nguzo tano za dini yetu haikusimama toka mwanzo ila kwa utawala. Sayyidna Abubakar (R.A.) alipigana mwaka wa 11 wa Hijra na makabila ambayo baadhi yao walikuwa wakiswali, ila wamekataa kuitoa zaka. Zaka ni haki ya maskini ndani ya mali ya tajiri, na wenye kuikusanya wametajwa katika Suratut-Tawba kuwa ni fungu moja katika mafungu manane ya wenye kuipokea. Yaani dini ilijua tangu awali kwamba haki ya maskini haiachwi itegemee moyo wa tajiri umeamkaje. Hapa dini na siasa vimeshikana, na haviachani. Kinachokataliwa ni dini kuwa ngazi ya mtu mmoja.

Na hapa kwetu tumeona ngazi hiyo ilivyokuwa. Tarehe 22 Agosti 2012, siku chache tu baada ya Idi ya kufungua Ramadhani, kijiji cha Riketa kilishambuliwa, wakauawa watu zaidi ya 50, wengi wao wanawake na watoto. Miezi iliyofuata yakaja ya Chamwanamuma, ya Kilelengwani, ya Kipao, hata waliokufa wakazidi 100, na uchaguzi wa Machi 2013 ulikuwa mlangoni. Wakulima na wafugaji waligombania malka za kufikia maji na ardhi ya malisho tangu zamani, hilo halina shaka, na ugomvi wa malka ni wa kusuluhishwa na wazee. Lakini watu wengi wa mto huu waliamini, nami ni mmoja wao, kwamba hesabu ya kura ndiyo iliyoutia mafuta moto ule. Fikiri basi: mwezi mzima wa kufunga, zakatul-fitri imetolewa, na juma halijapita. Ukimwambia mtu wa Riketa kwamba wenye dini ni watu wenye furaha na ukarimu, atakutazama tu.

Ndiyo sababu sipendi tujisifu kwa orodha za dunia. Ukarimu wetu wa mtu kwa mtu haukutukinga. Kilichokosekana ni haki iliyopangwa, yenye kujulikana na pande zote, isiyongoja mtu kuja na lori.

Basi na tuipange iliyo katika uwezo wetu. Serikali ya Kenya haikusanyi zaka, wala simshauri mtu yeyote azipeleke huko. Lakini zaka za bonde hili si chache, na wengi wetu huzitoa kwa kukisia, wengine hawazitoi kwa kutojua. Ng'ombe wanaolishwa katika malisho ya wazi, na ng'ombe wa hapa karibu wote ni hao, wakifika 30 wakazungukiwa na mwaka, zaka yao ni ndama mmoja wa mwaka mmoja. Wakifika 40 ni mtamba wa miaka miwili. Wakifika 60 ni ndama wawili wa mwaka mmoja. Mwenye 70 atoe ndama mmoja na mtamba mmoja. Mbuzi na kondoo wakifika 40 ni mmoja. Ama mpunga, kiwango chake ni kadiri ya kilo 650 za mchele uliokobolewa, na ukiwa ndani ya maganda yake kiwango ni maradufu, kama walivyoeleza ulamaa wa madhehebu yetu ya Shafii. Uliomea kwa mvua au kwa maji ya mto yaliyopanda yenyewe, hutolewa sehemu moja katika kumi; uliomwagiwa kwa pampu na mafuta ya kununua, hutolewa nusu ya hiyo, sehemu moja katika ishirini. Tazama uadilifu wa hesabu hii: aliyepewa na mto atoe zaidi, na aliyetaabika atoe kidogo. Sijui kodi ya nchi gani yenye kutazama jasho la mtu namna hii.

Na zaka hiyo, kwa madhehebu yetu, haiondoki mji wake maadamu wako ndani yake wenye kustahiki. Ndama wa Idsowe ni wa maskini wa Idsowe. Namwomba kila mfugaji na kila mkulima ajiulize: lau hesabu hizi zingetimizwa na kila mmoja, na zikagawiwa na watu watatu au wanne waaminifu wasio wagombea wa chochote, wakisoma hadharani kilichoingia na kilichotoka bila kutaja waliopokea, ni kaya ngapi hapa zingekuwa bado zinautazama mlango zikimngoja mheshimiwa? Mimi sidai kwamba hakuna hata moja. Mafuriko kama yale ya 2023 hayazuiliwi kwa ndama. Lakini mwenye chakula cha mwezi mmoja nyumbani huisikiliza hotuba ya mgombea kwa masikio mengine.

Limebaki suala la jirani zetu Wakristo, kwani wako walioniuliza baadaye faraghani. Wapokomo wa sehemu hizi za chini ya mto, wengi wao ni Wakristo tangu siku za wamisionari wa karne ya kumi na tisa, na wengine ni Waislamu, na maji yalipoingia hayakuuliza. Zaka ya faradhi, kwa kauli ya ulamaa walio wengi, ni ya Waislamu. Lakini sadaka ya hiari haina mpaka huo. Yule mfungwa aliyetajwa katika Suratul-Insan, baadhi ya wafasiri wamesema kwamba wafungwa wa siku zile walikuwa washirikina, na wenye kumlisha wakasifiwa. Basi mwenye embe na ampe jirani yake embe. Na kwa kuwa nimelitaja embe: katika madhehebu yetu halina zaka, wala ndizi haina, kwani si katika vyakula vya kuwekwa akiba, lakini Mahanafi huyatia matunda yote katika fungu la kumi, na mwenye shamba kubwa la miembe kando ya mto anayetaka kuifuata kauli yao kwa ajili ya maskini, hatumzuii. Mizani ya darsa iko kwa mweka hazina, na vikapu aje navyo mwenyewe.